Je, wajua kwa nini vidonge vya antibayotiki vilevile visivyomdhuru mwingine huisumbua damu ya mgonjwa wa figo?

Tuseme ni mama wa Tandahimba. Figo zake zimechoka kwa presha ya miaka mingi, na sasa mkojo unamchoma. Msimu wa korosho umepamba moto, safari ya kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara, anaiona ndefu, basi anaingia duka la dawa la jirani. Anapewa Septrin: viwili asubuhi, viwili jioni. Mkojo unatulia. Siku ya kumi anapiga mswaki, povu linatoka jekundu. Kwenye miundi ya miguu kuna vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, ukivibonyeza havipotei. Shoga yake alimeza vidonge hivyohivyo mwaka jana, hakuona kitu.

Tofauti yao ni figo. Figo nzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na antibayotiki nyingi hutokea njia hiyo. Ndani ya Septrin kuna dawa mbili, mojawapo trimethoprimu. Kwa mwenye figo nzima, nusu yake huwa imetoka baada ya saa 8 hadi 10. Figo zikichoka sana, muda huo huzidi mara mbili. Dozi ya jioni inakuta sehemu kubwa ya ile ya asubuhi bado ipo, na ya kesho inazikuta zote.

Trimethoprimu humuua bakteria kwa kumzuia kutumia foleti, vitamini ile ile wanayopewa wajawazito kliniki. Kwa kiwango cha kawaida sisi hatudhuriki sana. Ikirundikana, hasa kwa asiyekula vizuri, uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao huanza kukosa foleti. Chembe sahani, zinazoziba jeraha, huishi siku 8 hadi 10 tu, kwa hiyo pengo lake huonekana mapema. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, lakini za mama huyu zilikuwa chache tangu awali, kwa sababu figo ndizo hutoa homoni inayouamuru uboho uzitengeneze.

Tena uchafu unaobaki kwenye damu hulegeza hata chembe sahani zilizopo. Penisilini za sindano kwa dozi kubwa huzidisha ulegevu huo. Linezolidi, ya kifua kikuu sugu, huzipunguza, zaidi kwa wenye figo dhaifu.

Naomba sana: asiache dawa kimyakimya, maana maambukizi nayo huua. Aende hospitali na pakiti mkononi, aseme mapema, "Mimi nina figo." Watampima picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zake), kreatinini inayoonyesha figo zinavyochuja, na potasiamu, ambayo Septrin huweza kuipandisha hadi kuusumbua moyo. Daktari anaweza kupunguza dozi hadi nusu au kubadilisha dawa. Chanzo kikiwa ni dawa, ikishasimamishwa chembe sahani kwa kawaida hupanda tena ndani ya wiki moja au mbili, na mswaki hutoka na povu jeupe.