Kung'oa waya wa klachi na kuweka klachi ya mafuta: hesabu kwanza, spana baadaye

Gari lenyewe ni Suzuki Samurai, ile SJ413 yenye injini ya 1.3. Mwenye gari ni mama mfugaji wa kuku hapa Morogoro, na siku hiyo alikuja gereji na waya wa klachi uliokatika, wa tatu ndani ya mwaka, ameuning'iniza mkononi kama nyoka aliyeuawa. "Fundi, huu mchezo nimeuchoka. Niwekee klachi ya mafuta kama ya Hilux." Yaani pedali isivute waya, isukume mafuta ndani ya bomba, na mafuta ndiyo yasukume klachi.

Kabla ya kutaja bei nilifungua boneti kutafuta waya wa ethi wa injini, ule unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umekatika, kimebaki kipande kwenye bolti. Stata inakula umeme mwingi, na umeme huo lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia yake, unapita kwenye chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na waya wa klachi ni chuma. Unapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, waya unakuwa mgumu, siku moja unakatika. Kwa hiyo nilimwambia ukweli: mama, nikufungie ethi mpya, waya wa nne utakaa.

"Waya utakaa, mwanangu. Goti langu ndilo halitakaa."

Hapo nikakubali kazi. Ila sababu ikishakuwa ulaini wa pedali, hesabu inabadilika, kwa sababu mafuta hayakupi nguvu ya bure. Ulaini unaulipia kwa mwendo: pedali ikiwa nyepesi, uma wa klachi, ule unaosukuma beringi ndani ya giaboksi, unasogea kidogo. Ukisogea kidogo mno, klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi.

Kwa hiyo anza chini ya gari na rula. Kwenye giaboksi hii nilipima mkono wa klachi, ule wa nje unaozungusha uma: tangu beringi inapogusa vidole vya presha pleti, sahani inayobana klachi, hadi gia zinapoingia kimya, milimita 14. Ongeza 2 za nafasi, maana beringi hii haikutengenezwa kuzunguka muda wote. Nahitaji 16.

Halafu pedali. Waya unavutwa kuelekea kwa dereva, kwa hiyo umeshikwa juu ya ekseli ya pedali, pini ambayo pedali inazungukia. Masta silinda, pampu ndogo inayosukumwa na pedali, yenyewe inasukumwa kwenda mbele, haiwezi kutumia sikio lile lile la kushikia waya. Nilichomelea sikio jipya chini ya ekseli, milimita 45 kutoka katikati yake. Pedali ina urefu wa 270, uwiano ni 6 kwa 1. Mguu ukishuka milimita 150, fito ya masta, chuma kinachosukuma pistoni yake, inasogea 25. Toa kama 2 zinazopotea mwanzoni, moja ya nafasi ya fito na moja kabla pistoni haijaziba tundu la kwenda kwenye chupa ya mafuta. Zinabaki 23.

Masta niliyokuwa nayo ni ya inchi 5/8. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye mwili wa silinda. Futa grisi utaiona. Slevu, yaani silinda ya chini inayosukuma mkono wa klachi, nilipata mbili Gerezani, Dar es Salaam: moja ya 3/4, nyingine ya 13/16. Zigeuze zote ziwe sehemu za 16: masta ni 10, slevu ni 12 au 13. Gawanya slevu kwa masta, jibu lizidishe kwa lenyewe. Ya kwanza inatoa 1.44, ya pili 1.69. Sasa gawanya ile 23: slevu ndogo inasukuma karibu milimita 16, kubwa inasukuma 13.6.

Mnaona jibu. Na bado nilifunga ile kubwa. Nilikuwa nafikiria goti la mama, nikajidanganya kwamba zile mbili za nafasi zinaweza kupungua. Pedali ikawa laini ajabu, mama akacheka kwa furaha, akaweka rivasi. Grrr. Rivasi haina sinkro, kifaa cha kulainisha gia inapoingia, ndiyo ya kwanza kukusema ukikosea klachi. Nikaing'oa, nikafunga ya 3/4.

Kufunga slevu kwenyewe si kazi ya kuandikia sana. Waya ulikuwa unavuta mkono, slevu ya kawaida inasukuma, kwa hiyo inakaa upande wa pili wa mkono, kwenye bamba la milimita 6 lililoshikwa na bolti za giaboksi. Nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo ulionaswa kwenye mafuta, ikae juu. Ukiigeuza ikatazama chini utapampu hadi jioni. Springi ya kurudisha mkono usiiondoe. Weka mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, na usimsikilize anayekwambia oili ya injini nayo ni mafuta: itavimbisha raba zote.

Baada ya kutoa upepo, rivasi iliingia, lakini kwa shida kidogo. Nikarefusha fito ya masta mizunguko miwili, ikawa safi. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na nilipata habari zake kwa simu.

Wiki mbili baadaye mama alikuwa anapanda mlima Kitonga kwenda Iringa, akanipigia. "Mwanangu, injini inalia, gari haiendi, na kuna harufu." Nikamwambia aegeshe, apumzike nusu saa. Ikapoa, akaendelea kama hakuna kilichotokea.

Fito ikikosa nafasi, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, na lile tundu la kwenda kwenye chupa linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto la injini yanatanuka, hayana pa kwenda isipokuwa kwenye slevu. Slevu inasukuma beringi, klachi inaanza kuachia yenyewe bila mguu kugusa pedali, inateleza, joto linazidi. Ile rivasi safi niliinunua kwa nafasi ya fito.

Aliporudi nilirudisha fito mpaka nikasikia ule mchezo wa milimita moja kwa kidole. Rivasi ikaanza tena kusumbua, kama nilivyotarajia. Safari hii nikamwambia kijana wangu akanyage pedali, mimi nikainama na tochi upande wa injini. Masta yote ilikuwa inasogea mbele pamoja na bati ilikofungwa, lile linalotenganisha injini na miguu ya dereva! Bati lile lilitengenezwa kushika waya, si masta. Milimita mbili zilikuwa zinaishia hapo. Nikakata bamba la milimita 3, pana kama kiganja, nikalifunga nyuma ya bati kwa bolti nne hadi kwenye fremu ya pedali. Rivasi ikaingia kimya, na ile milimita moja ya fito ipo palepale.