Kabla ya kuuliza unadaiwa kiasi gani, nauliza barua ilifika lini

Vijana wanaomaliza Chuo cha Kodi, na wengine waliokwisha kupata CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, huniuliza namna ya kufungua ofisi ya kuwasaidia watu wenye madeni ya kodi. Wengi huja wakiamini kwamba kazi yenyewe ni kupatana na maofisa, na kwamba mwenye watu wengi wa kuwapigia simu TRA, Mamlaka ya Mapato, ndiye atakayepata wateja wengi. Mimi naamini kinyume kabisa. Ofisi hii husimama juu ya kalenda na makaratasi ya mteja. Ukiijenga juu ya kujuana, ofisa mmoja akihamishiwa Mwanza huna tena ofisi.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam haji kwako mapema. Huja akiwa ameshafungiwa akaunti, yaani benki yake imeandikiwa barua ya kuiagiza ilipe deni kutoka kwenye fedha zake. Au huja leseni ya biashara imekwisha na hawezi kupata hati ya kutodaiwa kodi. Na kabla ya kufika amesikia mengi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikemea kukusanya kodi kwa mabavu. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na Juni 2024 yakafungwa tena. Mtu aliyepita katika hayo hukaa mbele yako akiwa na hofu na hasira, na yote mawili ana haki nayo. Msikilize mpaka amalize. Lakini hasira haisimamishi siku, na siku ndizo zinazomwangusha.

Mama mmoja wa vitenge alitoa barua kwenye pochi, imekunjwa mara nne.

“Hii mliipokea lini, mama?”

“Si wiki iliyopita, mwanangu? Au ile kabla ya Idi. Aliipokea binti wa dukani.”

Tukampigia binti. Alikuwa amesaini kitabu cha kupokelea barua siku ileile, tarehe ipo, na zilikuwa zimebaki siku chache tu. Karatasi lile lilikuwa makadirio, yaani hesabu ya kodi iliyopigwa na TRA, bado halijawa deni lisilopingika, na tofauti kati ya hayo mawili ilikuwa ndani ya siku hizo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30, tangu alipofikishiwa uamuzi wa kodi, awasilishe pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Zikipita bila pingamizi, kiasi kilichokadiriwa kinakuwa deni la kudaiwa, hata kama mkaguzi alikosea hesabu. Muda unaweza kuongezwa kwa mtu aliyekuwa nje ya nchi, aliyekuwa mgonjwa, au mwenye sababu nyingine ya msingi, lakini “nilikuwa na shughuli nyingi” si sababu. Kwa hiyo katika ofisi yangu kila barua hupigwa muhuri wa tarehe mbili, ile ambayo mteja aliipokea na ile iliyofika kwetu, na siku ya 30 huandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu kabla mtu yeyote hajaanza kusoma tarakimu.

Kuna sharti la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Pingamizi halipokelewi mpaka mlipakodi alipe kiasi asichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Tuseme makadirio ni shilingi milioni 90. Mteja anakubali milioni 12 na kubisha zilizobaki: atalipa milioni 30. Akikubali milioni 40, atalipa 40. Kamishna Mkuu anaweza kukubali kiasi pungufu au kuondoa sharti hilo kukiwa na sababu nzuri, lakini ombi lazima liandikwe mapema, likiwa na taarifa za benki na hesabu zinazoonyesha kwamba fedha hizo kweli hazipo. Usisubiri mwisho wa siku 30 ndipo uombe. Nimesoma mapingamizi yenye hoja nzito za kisheria yaliyokataliwa kwa sababu hakuna aliyelipa theluthi wala aliyeomba ipunguzwe. Hoja nzuri isiyopokelewa ni sawa na kutoandika kitu.

Pingamizi likikataliwa, ngazi ni Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani, ambako husikilizwa hoja za kisheria tu. Huko namwachia wakili ninayeshirikiana naye. Ninachotaka kijana akijue ni kwamba sheria imeweka mzigo wa ushahidi kwa mlipakodi: yeye ndiye wa kuonyesha kuwa makadirio yamezidi au yana makosa. Mkaguzi hana haja ya kuthibitisha kwamba mama wa vitenge aliuza. Mama ndiye athibitishe kwamba hakuuza kiasi kile. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini mtu wangu wa kwanza kumwajiri alikuwa mtunza vitabu mvumilivu, wala sikutafuta msemaji.

Kazi yake kubwa ni taarifa ya benki. Mkaguzi asipopewa vitabu huchukua kila kilichoingia kwenye akaunti mwaka mzima, hukijumlisha, na jumla hiyo ndiyo inakuwa mauzo. Sisi tunairudia taarifa hiyo mstari kwa mstari. Huu ni mkopo wa benki ulioingia Machi. Hizi mteja alizitoa M-Pesa akaziweka benki, na kwa kuwa simu nayo ilihesabiwa, fedha moja imetozwa mara mbili. Hii ni hundi iliyorudi. Hizi ni fedha za VICOBA, mteja alikuwa mweka hazina na kikundi hakikuwa na akaunti yake. Hii ni bei ya kiwanja cha Kigamboni. Kila mstari unaotaka kuutoa kwenye mauzo lazima uwe na karatasi yake: mkataba wa mkopo, taarifa ya simu, kumbukumbu za vikao vya kikundi zenye saini za wanachama, hati ya mauziano. Maelezo ya mdomo, hata yawe ya kweli kiasi gani, hayatoi mstari. Na kuhusu kiwanja, uliza kama kodi ya mauzo yake ililipwa wakati ule, kwa sababu ukikiandika kwenye pingamizi umekitangaza, na mteja ana haki ya kujua hilo kwako kabla hajalisikia kwa ofisa.

Upande wa manunuzi ni mgumu zaidi. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kielektroniki, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na leo gharama isiyo na risiti ya EFD kwa kawaida inakataliwa kwenye hesabu ya faida. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyenunua saruji na nondo kwa risiti za kuandika kwa mkono ataonekana ana faida ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Inaniuma, maana bidhaa alizinunua kweli na pengo lile ni la mtu aliyemuuzia. Hata hivyo huwa simpi matumaini. Tunawarudia wauzaji wakubwa kutafuta risiti zilizopo kwenye mifumo yao, tunaokoa kinachookoleka, na kilichobaki namwambia wazi kwamba atakilipia kodi.

Aina nyingine ya deni huwashangaza wenye kampuni ambazo hazijawahi kuuza hata sabuni. Walisajili, wakachukua TIN, namba ya mlipakodi, wakaendelea na maisha, ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, hawakuwahi kupeleka. Adhabu ya kuchelewesha ritani hutozwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, kile kilicho kikubwa. Kwa kampuni kiwango hicho ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Kodi ni sifuri, adhabu inapanda. Hapa dawa ni kupeleka ritani zote za nyuma kwanza, kisha kuomba adhabu ipunguzwe au ifutwe kwa sababu zinazoeleweka, na kuifunga kampuni rasmi kama mwenyewe hana mpango nayo.

Sasa, deni likiwa la kweli? Mara nyingi ni la kweli, walau kwa sehemu. Hapo namtenganishia mteja kodi yenyewe, adhabu na riba katika safu tatu, kwa sababu kila safu ina mlango wake. Kodi haifutwi kwa kuombwa huruma. Riba na adhabu sheria inaruhusu kusamehewa kukiwa na sababu nzuri. Wateja wa zamani wanakumbuka msamaha wa mwaka 2018: maombi yalifunguliwa Julai, riba na adhabu zikasamehewa kwa asilimia 100, sharti likiwa kulipa kodi ya msingi ifikapo 30 Juni 2019. Walionufaika ni wale walioweza kusema kwa uhakika kodi yao ya msingi ni kiasi gani. Leo bado napata watu wanaokaa na deni wakisubiri msamaha mwingine. Siwashauri hivyo. Riba hujumlishwa kila mwezi juu ya riba ya mwezi uliopita, na hakuna aliyeahidiwa kitu.

Kulipa kwa awamu kunaombwa kwa barua, na barua nzuri ni fupi. Ina mapato na matumizi ya biashara ya miezi ya karibuni, kiasi kinachobaki baada ya kodi za kila mwezi, na ushahidi kwamba awamu ya kwanza imeshalipwa. Mteja hupenda kuahidi kiasi kikubwa ili aonekane mwungwana. Namkatalia. Ukikosa awamu moja, salio lote linaweza kudaiwa papo hapo, na benki ikaandikiwa tena. Riba nayo inaendelea kuhesabiwa katika kipindi chote cha awamu, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Zaidi ya yote, PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 7 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20 zilipwe kwa wakati. Anayelipa awamu za deni la zamani kwa fedha ya VAT ya mwezi huu anatengeneza deni jipya, na siwezi kumtetea kwa maombi ya pili.

Kama tatizo ni huduma au utaratibu, kwa mfano barua zisizojibiwa, kuna Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, ofisi iliyoanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Itumieni, ipo kwa ajili hiyo.

Kuhusu fedha zetu wenyewe. Jisajili kama mshauri wa kodi kabla hujatundika kibao, maana mji umejaa vishoka na mteja hana njia nyingine ya kukutofautisha nao. Mimi hutoza ada ya kwanza ya kusoma faili na kutoa maoni ya maandishi, kisha ada ya kila hatua. Sichukui asilimia ya kiasi kilichopunguzwa, kwa sababu siku nitakapolipwa hivyo nitashawishika kupinga hata kodi ninayojua ni halali. Na fedha ya kodi haipiti mkononi mwangu hata shilingi moja: tunatoa namba ya malipo, mteja analipa mwenyewe benki au kwa simu, risiti inakuja kwenye faili. Anayeniomba “nimwone mtu” namrudishia makaratasi yake siku hiyohiyo.

Deni likiisha kulipwa, omba taarifa ya akaunti ya mlipakodi na uipitie. Mara nyingine malipo huwa yameingizwa kwenye mwaka mwingine au aina nyingine ya kodi, na mfumo unaendelea kuonyesha deni na kulihesabia riba. Andika barua ya kuomba yahamishwe, ambatanisha risiti, fuatilia mpaka kila aina ya kodi isome sifuri. Kisha omba hati ya kutodaiwa, mpe mteja, na nakala za faili zima zitunze. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5, nami huwa namwambia mteja asichome chochote bila kunipigia simu.