Je, Wajua Kwa Nini Sentensi ya Kiingereza Haikubali Kukosa Kiima?

Mwezi wa Mei masika yakikolea Mombasa, mtu huchungulia dirishani akasema "Yanyesha", na yatosha. Mwanafunzi akitaka kulisema hilo kwa Kiingereza, mara nyingi huandika "Is raining", nayo kalamu nyekundu hupita ikaongeza "It" mwanzoni. Hiyo "it" ni nani? Ni mbingu, ni wingu, au ni mvua yenyewe?

Si chochote. Imetiwa pale kwa sababu sentensi ya Kiingereza haitaki nafasi ya kiima, yaani ya anayezungumziwa, ibaki tupu. Pasipo na mtenda wa kutajwa, hutiwa neno la kushikilia nafasi, na sababu yake ni ya kale.

Tutazame sehemu zenyewe kwanza. Chukua "Asha sold fish at Kongowea", yaani Asha aliuza samaki Kongowea. "Asha" ni kiima, anayezungumziwa. Yaliyobaki yote ni kiarifa, habari inayotolewa juu yake. Ndani ya kiarifa mna kitenzi "sold", shamirisho "fish", yaani kilichouzwa, na chagizo "at Kongowea" linalotuambia wapi. Chagizo ukiliondoa, sentensi haidhuriki. Shamirisho hutegemea kitenzi: "sleep" hakilihitaji kabisa, "like" hakikai bila hilo.

Sasa geuza: "Fish sold Asha". Maneno ni yale yale, lakini samaki wamekuwa wachuuzi na Asha ndiye bidhaa. Ukiacha vijineno kama "he" na "him", jina la Kiingereza halina alama ya kuonyesha kama limetenda au limetendwa. Hutambulika kwa pale lilipokaa, kabla ya kitenzi au baada yake.

Haikuwa hivyo tangu awali. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na maumbo ya kuonyesha nani katenda na nani katendwa. Mfalme akitenda alikuwa "se cyning". Akitendwa, "thone cyning". Kwa hiyo maneno yaliweza kuhamishwa kwa uhuru zaidi. Karne zilizofuata maumbo hayo yalimomonyoka, ya majina na ya vitenzi pia. Leo kitenzi cha kawaida cha wakati uliopo kimebaki na "-s" moja tu ya "she sells". "I sell", "you sell" na "they sell" havitofautiani. Kitenzi kikawa hakiwezi tena kumtaja mtenda, na mpangilio wa maneno ukabebeshwa kazi hiyo.

Sisi mtenda wetu tunaye ndani ya kitenzi. Twaweza kusema "Asha amekivunja kikombe" au "Kikombe amekivunja Asha", na hakuna atakayedhani kikombe kimemvunja mtu: "a-" yamtaja Asha, "-ki-" yataja kikombe. Hata "yanyesha" ina mvua yake ndani ya hiyo "ya-".

Ndiyo maana makosa matatu yanayoonekana hayana undugu yana mzizi mmoja. Anayeandika "Is raining" amechukulia kwamba kitenzi kimeshabeba kiima. Anayeandika "My brother he went to Likoni" amekwenda upande wa pili: ndani ya "Kaka yangu alienda" ameisikia ile "a-", akaitafutia neno lake, na Kiingereza kikahesabu viima viwili. Muuza leso wa Biashara Street naye akimwuliza mgeni "You like?", ameiacha ile "-i-" ya "waipenda". Kwa Kiingereza shamirisho hilo lazima lisimame kama neno kamili: "Do you like it?"

Mtoto mwenye makosa haya anafuata sarufi kwa uaminifu, ila ni ile aliyonyonya kwao. Natamani sana aelezwe hivyo darasani kabla ya kurundikiwa alama nyekundu, kwa maana akishajua kwamba viambishi vyake viwili, cha kiima na cha shamirisho, hugeuka kuwa maneno ya kujitegemea upande wa pili, anaweza kuikagua sentensi yake mwenyewe: nani katenda, nimemtaja mara moja? Kilichotendwa nacho, nimekitaja?

Mahali pamoja Kiingereza hulegeza sharti lake, nako ni kwenye amri. "Sit", "Come" na "Wait" hazina kiima kinachosikika, kwa kuwa anayeambiwa anajijua. Kiswahili nacho huvua kiambishi chake hapo hapo: "Keti", "Njoo", "Ngoja".