Huduma hazikuiua objekti

Vijana wengi wanaoandika programu hapa Unguja wamefundishwa kwamba usanifu wa huduma (programu zinazojitegemea, zinazopokea maombi kupitia mtandao) ulikuja kuufuta ule wa objekti (vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na kazi zake). Sivyo. Kilichoshindwa ni dhana moja tu: kwamba objekti iliyo kwenye kompyuta ya mbali inaweza kuitwa kama iliyo ndani ya programu yako. CORBA, kiwango cha kuunganisha objekti za kompyuta tofauti kilichotoka mwaka 1991, kilibeba matumaini hayo, na mwaka 1994 wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems wakaeleza kwa nini hayafai.

Chukua mfumo wa tiketi za boti: kaunta iko Mkoani, Pemba; seva, yaani kompyuta kuu, iko Malindi, Unguja. Kwa mtindo wa objekti, kaunta inaiuliza objekti iitwayo Safari: tarehe? nauli? kiti kipo? Kisha inaiambia: kishike. Maombi manne, kila moja linavuka bahari na kurudi. Ndani ya kompyuta moja hayo huisha kwa nanosekunde. Mtandaoni kila moja hula milisekunde, na milisekunde moja ni nanosekunde milioni moja. Na laini ikikatika baada ya la nne, karani hajui kiti kimeshikwa au la, na abiria keshatoa pesa. Uzito wa jambo uko hapo hasa.

Huduma hupokea ujumbe mmoja uliokamilika: jina, tarehe, daraja na namba ya ombi. Jibu lisiporudi, kaunta hutuma tena kwa namba ileile, na seva iliyoandikwa ipasavyo haikati tiketi ya pili.

Lakini hebu ifungue hiyo seva. Ndani mara nyingi utazikuta Safari, Kiti na Abiria, objekti zilezile, zinafanya kazi yake vizuri kabisa.