Kamba ya mita 14

Kwenye ukumbi ninaofundishia jimnastiki tuna kamba ya kupanda ya mita 5, imefungwa kwenye boriti. Vijana wapya huidharau. Wakishajua kuning'inia kwenye pete na kuruka farasi (kifaa cha kurukia, si mnyama), kamba wanaiona mchezo wa watoto. Mita ya tatu ndipo viganja vinapoanza kuwaka moto na mabega kutetemeka. Mkwezi wa mnazi angalau ana mti wa kukanyaga, kamba inakukimbia.

Sasa, Athens mwaka 1896, kwenye Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, waliweka kamba ya mita 14. Kama ghorofa nne hivi, tena nje, katika uwanja wa marumaru wa Panathenaic. Walijitokeza watano tu. Waliofika juu ni wawili, Wagiriki wote: Nikolaos Andriakopoulos kwa sekunde 23.4, na Thomas Xenakis nyuma yake. Piga hesabu: sentimita 60 kila sekunde, bila kupumzika. Mjerumani Fritz Hofmann aliishia mita 12.5 akawa wa tatu. Huyo huyo alishika nafasi ya pili mbio za mita 100!

Wa nne na wa tano ndio wanaonichekesha: Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza. Hao ndio waliogawana ushindi wa kunyanyua vitu vizito, Jensen kwa mikono miwili, Elliot kwa mkono mmoja. Kwenye kamba, misuli yote ile ilikuwa mzigo.

Leo mchanganyiko huo ungeonekana kichekesho. Wakati ule mwanajimnastiki alikuwa mtu wa viungo kwa jumla. Carl Schuhmann, Mjerumani mwingine, alishinda kuruka farasi, akashinda pamoja na timu yake kwenye vyuma viwili sambamba na kwenye chuma cha juu, kisha akaingia kwenye mieleka akamtoa Elliot. Fainali yake na Georgios Tsitas ilikatizwa na giza, ikamaliziwa kesho yake, na Schuhmann akashinda. (Ule ushindi wa timu kwenye chuma cha juu usimsifie sana mtu: Wajerumani hawakuwa na mpinzani.) Na huko kwao chama kikuu cha jimnastiki kilikuwa kimepinga safari yenyewe, kwa kuona kwamba jimnastiki ni jambo la taifa, si la kushindania na wageni.

Mimi pia ni mwamuzi, na nakiri naionea wivu kamba ile. Kwenye pete au chuma tunabishana kuhusu goti lililokunjika kidogo. Kamba ilimpa mwamuzi kitu cha kupima: saa kwa aliyefika juu, mita kwa aliyekwama.

Olimpiki iliiaga kamba Los Angeles mwaka 1932, ikiwa imefupishwa hadi mita 8. Mmarekani Raymond Bass alishinda kwa sekunde 6.7. Lakini mshindi ninayempenda ni wa St. Louis, 1904: George Eyser, mwenye mguu mmoja wa mbao, aliyepata medali sita siku moja, mojawapo dhahabu ya kamba. Nikiwasimulia vijana hunyamaza kidogo, halafu lazima mmoja aulize mguu wenyewe ulikuwa kilo ngapi.