Kikomo cha sekunde 10 hakiui utafutaji

Juzi tena kijana mmoja wa hapa Malindi, anayetunza tovuti ya nyumba za wageni, kanipigia simu: "Kaka, klasta imeharibika. Nimeweka sekunde 10, ombi limechukua 14!" Haijaharibika. Klasta ni kundi la seva zinazoendesha Elasticsearch, programu ya kutafutia data. Swali hili nimelijibu mno kwa mdomo, sasa naliandika.

Katika Elasticsearch, mpangilio wa kikomo cha muda wa utafutaji, search.default_search_timeout, huja ukiwa -1, yaani kikomo hakuna. Ukiubadilisha kwenye mipangilio ya klasta huna haja ya kuzima nodi (seva moja ya klasta), na ombi lililobeba timeout yake, yaani kikomo chake lenyewe, hufuata hicho. Hilo ni jepesi.

Watu wanapotelea hapa: kikomo hicho ni cha kila shadi (kipande kimoja cha data iliyogawanywa), si cha safari nzima ya ombi. Ni kama wavuvi walioambiwa warudi adhuhuri. Kila mashua huja na ilichopata, na aliyekwisha anza kuvuta jarife humaliza kwanza. Saa ya shadi huanza kuhesabu kazi inapoanza, kwa hiyo foleni ya kuingojea nodi yenye shughuli nyingi haimo. Kuunganisha majibu ya shadi zote nako hakumo. Zile sekunde 4 zilikuwa huko.

Na wala si hizo zinazonikera. Kikomo kikifika, jibu huja na HTTP 200, alama ya kwamba ombi limefaulu, safi kabisa, ndani yake timed_out: true (muda umekwisha) ambayo hakuna anayeisoma! Mgeni anatafuta chumba Lamu wakati wa Maulidi, anaonyeshwa nyumba chache, anaamini kumejaa. Mama mwenye nyumba yake Shela amekosa mteja kwa sababu shadi yenye jina lake ilichelewa, na hatajua kamwe. Hesabu za majumlisho nazo hupungua kimyakimya. Tafadhali, someni hiyo timed_out!

Unaweza kuweka allow_partial_search_results kuwa false, upate kosa badala ya jibu pungufu. Kwa ripoti na hesabu za fedha, fanya hivyo bila kusita. Kwa ukurasa wa mgeni, mimi mwenyewe bado nasitasita: kosa humfukuza, jibu pungufu humdanganya. Kwa sasa namwonyesha yaliyopatikana, na juu yake maandishi makubwa: "Orodha haijakamilika, tafuta tena."

Kuhusu idadi ya sekunde, usininakili. Tazama kumbukumbu za maombi yako ya polepole, uanzie hapo.