Hoja Potofu Si Lazima Iwe Uongo

Wengi hudhani mwanasiasa akitoa hoja potofu basi amedanganya, na kwamba ukikagua takwimu zake utamnasa. Sivyo. Kila sentensi inaweza kuwa kweli na hoja bado ikawa mbovu, maana kasoro iko pale anaporuka kutoka kwenye ukweli kwenda kwenye hitimisho.

Septemba 20, 2001, Rais wa Marekani George W. Bush aliliambia Bunge la nchi yake kwamba kila nchi ichague: ama iko pamoja nasi, ama na magaidi. Mashambulizi ya Septemba 11 yalikuwa ya kweli na msiba ulikuwa wa kweli. Lakini kwa nini njia mbili tu? Mwaka 2003 Ufaransa na Ujerumani zilipinga kuvamiwa kwa Iraq, huku wanajeshi wao wakiwa Afghanistan pamoja na wale wa Marekani.

Kosa la pili, nalo linaniudhi zaidi, ni kugundua hoja mbovu kisha kutangaza kuwa jambo lenyewe ni la uongo. Mbunge akisema mavuno yameongezeka tangu achaguliwe, hajathibitisha kuwa ni kazi yake. Huenda ni mvua. Huenda pia ni kweli mbolea ya ruzuku aliyoileta. Muulize ilifika lini, na waliokosa walivuna magunia mangapi.